Barua ya Mheshimiwa Brehony

Barua ya hospitali iliingia Alhamisi. Attracta Durkan aliisoma mara tatu, amesimama hapo hapo mlangoni, na mara zote tatu haikumkaa akilini. Afike kitengo kipya cha saratani Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Jumatano! Uvimbe wa titi alikuwa amemwonyesha Daktari Tansey Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, na daktari akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba atamwandikia barua wakamwangalie, kuhakikisha tu. Siku tisa jumla, toka kwa daktari wa mtaani mpaka kwa mtaalamu.

Weee! Killadreen hakuna aliyewahi kuonwa ndani ya siku tisa. Killadreen ukiumia goti, unaitwa wakati goti limeshazoea kuuma na wewe umeshazoea fimbo. Concepta Loftus wa nyumba ya pili aliandikiwa barua na daktari huyo huyo mwezi wa pili, naye kwa ajili ya titi, na sasa mwezi wa kumi bado anamchungulia mtu wa posta kupitia pazia. Attracta ni nani basi, hata apite mbele? Mpishi wa kantini ya mnada wa ng'ombe, mke wa fundi paa. Hana mjomba hospitalini wala binamu wizarani.

"Kuna kitu hapa," alisema.

Mumewe Fintan alikuwa mezani akisikiliza matangazo ya vifo redioni, kama watu wote wa rika lake saa ile. Akapunguza sauti. "Kitu gani?"

"Hawa watu hawana mtindo wa kuwahi. Wakikuwahi, ujue wanataka kitu."

"Labda kile kitengo kinafanya kazi, mke wangu."

"Thubutu!"

Wala usimlaumu. Kitengo kile kiliahidiwa na mawaziri sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na koti lake jipya na kupeana kwake mikono. Attracta aliandamana mara tatu kwa ajili yake, mvua inamnyeshea, bango limelowa mpaka maandishi yakachuruzika. Miaka yote hiyo wagonjwa wa upande huu walisafirishwa saa tatu nzima kwenda kupigwa mionzi mji mkuu, na saa tatu kurudi, wanatapikia mifuko ya plastiki ndani ya basi dogo. Mama yake alikuwa mmoja wao. Halafu siku moja serikali ikatoa fedha kweli. Jengo likapanda, mashine ikaletwa juu ya lori linalosindikizwa na polisi, na majira ya kuchipua utepe ukakatwa. Attracta hakuamini. Siku zake za mapumziko alikuwa akipita maegesho ya hospitali kuona kama kuna magari ya wauguzi. Yalikuwepo. Akasema ni ya mafundi rangi.

Ijumaa ikaja barua ya pili, karatasi nzito, nembo ya kinubi cha serikali juu. Ilitoka kwa mbunge, Malachy Brehony.

"Mpendwa Bi Durkan," ilisema. "Nina furaha kubwa kukujulisha kwamba, baada ya mimi kuwasiliana na hospitali kuhusu suala lako, umepangiwa kuonwa Jumatano ijayo. Usisite kunijulisha iwapo naweza kukusaidia tena."

Aha! Ndiyo hiyo sasa. Attracta aliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

"Fintan! Wewe ulikwenda kwa Brehony?"

Fintan akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilipiga simu tu ofisini kwake. Jumanne jioni, ulipokuwa kanisani."

"Jina langu umempa Brehony! Ukoo wetu haujampigia kura Brehony yeyote, baba wala mtoto, na wewe unakwenda kunipigia magoti kwake?"

"Niliogopa, Attracta. Niliona Concepta anavyosubiri."

"Na sasa Concepta kasukumwa nyuma ili mimi nipite! Unanielewa? Nafasi hii ni ya mtu. Labda yake hasa."

Akaapa palepale kwamba Jumatatu atapiga simu hospitali airudishe nafasi, angoje zamu yake kama watu wengine. Fintan alimsihi, akamshika mkono, akalia hata. Hakusikia. Lililo la ajabu, na hili Attracta mwenyewe hakulitilia maanani, ni kwamba baada ya ugomvi ule alikata vipande vitatu vya mkate wa magadi, akavipaka siagi nene, akavimaliza. Toka Alhamisi alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Kesho nakwenda kwake," alisema akifuta makombo. "Anitazame usoni, aniambie kamtoa nani."

Jumamosi Brehony husikiliza shida za watu kwenye chumba cha nyuma cha baa ya Hanley. Attracta alikuta wanne mbele yake: mmoja bomba la maji taka, mmoja kibali cha nyumba, wawili hawakusema. Wakapiga soga za mvua. Fintan alibaki garini, mkewe alimkataza kuingia.

Zamu yake ilipofika, mbunge aliinuka na tabasamu la kwenye mabango ya uchaguzi. "Bi Attracta! Karibu, karibu. Umeipata barua yangu?"

"Nimeipata. Umemtoa nani?"

"Samahani?"

"Kwenye foleni, mheshimiwa. Ili mimi niingie, mtu ametoka. Nipe jina lake nikamwombe radhi."

Brehony akacheka kidogo. "Jamani, Bi Attracta. Tunasaidiana. Mimi nilinyanyua simu tu, nikawakumbusha kuwa kuna watu..."

"Ulimpigia nani?"

"Watu wa pale."

"Nani? Saa ngapi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi napikia wachuuzi wa ng'ombe, uongo nausikia toka chakula cha asubuhi." Akauweka mkoba wake mezani, juu ya makaratasi ya mbunge. "Jumatatu nairudisha nafasi hii. Na nitasimama mbele ya kanisa niwaambie watu kwa nini."

Hapo tabasamu lilimtoka. Akainuka, akaurudishia mlango uliokuwa wazi nusu.

"Usiirudishe," alisema taratibu. "Bi Attracta, tafadhali, usiirudishe. Sikumtoa mtu."

"Eti nini?"

"Sikufanya kitu. Mumeo alipiga Jumanne jioni. Jumatano asubuhi msichana wangu wa ofisini aliwaandikia hospitali, wakajibu kwamba barua yako imeshapelekwa posta tangu jana yake. Tazama." Akageuza kompyuta yake ndogo, akamwonyesha jibu lenyewe, mistari miwili. "Mimi niliandika ile yangu baadaye. Ndivyo tunavyofanya sote. Kitu kikishatoka, tunaandika barua. Baba yangu alifanya hivyo miaka thelathini."

Attracta aliisoma ile mistari miwili. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Kwa hiyo wewe ni mwizi wa sifa tu."

"Ndiyo. Na hata ningetaka kukupitisha, nisingeweza. Zamani labda. Siku hizi wana wataalamu, wana mashine, na foleni wanaipanga wenyewe kwa walichoandika madaktari. Kile kitengo kinafanya kazi. Najua hamuamini. Hata mimi kilinishangaza."

"Kama kinafanya kazi, Concepta Loftus anangoja nini toka mwezi wa pili?"

"Siwezi kuzungumzia habari za mtu mwingine."

"Zungumzia za watu kwa jumla, basi. Mtu anayengoja miezi minane."

Brehony alijikuna shingo. "Huyo daktari wake aliandika kwamba anaweza kusubiri. Hakuona la kutisha. Wale ambao daktari ameandika 'haraka' ndio wanaoitwa ndani ya wiki mbili."

Chumba kilikuwa na harufu ya bia ya jana. Upande wa pili wa mlango mtu wa bomba la maji taka, aliyebaki kunywa, alikuwa anamsimulia mwenzake habari zile zile upya. Attracta aliuondoa mkoba wake juu ya makaratasi, akaukumbatia. Sauti ya Daktari Tansey ilimrudia, ile ya kawaida kabisa, na safari hii aliisikia vizuri.

"Mheshimiwa," alisema.

"Naam."

"Sema ulinyanyua simu."

"Bi Attracta..."

"Sema kuna mtu unamjua pale. Sema ulimwambia Durkan ni mtu wangu, mpitishe. Hutanisikia nikinung'unika, wala sitasimama kanisani. Kura yangu nakupa, na ya Fintan, na ya dada zangu wote wawili." Aliukaza mkoba kifuani, akichukia sana kwamba anamwomba Brehony. "Miaka yote mmetudanganya, baba na mtoto. Nidanganye na leo."

Malachy Brehony aliifunga kompyuta yake. Uongo wa mazikoni na wa harusini aliujua wote, lakini huu hakuutoa. 

"Jumatano saa tatu," alisema. "Ufike mapema kidogo. Maegesho hujaa."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Fintan alimfungulia mlango wa gari kutokea ndani, macho yamemtoka.

"Kasemaje?"

"Hakufanya kitu. Barua ya hospitali ilishatoka kabla yake."

"Hakufanya kitu!" Fintan akapiga usukani kwa furaha. "Mwongo yule! Kwa hiyo hujamdhulumu mtu. Nafasi ni yako halali!"

"Ni yangu," alisema Attracta, akavuta mkanda wa kiti.

Fintan aliendesha akitabasamu, akimtukana Brehony na baba yake, wakapita duka la mbolea, wakapita shule. Walipofika darajani tabasamu likamtoka. "Sasa kama si Brehony," alisema, "mbona wamekuita haraka hivi?" Akawasha taa ya pembeni, akaegesha, na hakuizima injini.