Alama Zote Ziko Sawa

…na alama zote ziko sawa, hilo ndilo linalomtia wazimu Baharia, nukta ya gia ya juu inatazamana na mstari wa hedi, kile kichwa cha injini, kama maharusi kwenye picha, nukta ya chini imekaa mahali pake, cheni imekaza, pistoni mpya, valvu zimesagwa mpaka zinang'aa, ovahoo nzima kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliofufua mitambo ya meli mikubwa kama nyumba za ghorofa, na bado hii pikapu ya mke wake ikifika kwenye ule mlima wa wateja wa maziwa inalia, inapungua, inapungua, halafu inasimama kama punda aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, "Niwashe?" mke wake anauliza kutoka ndani, mkono kwenye ufunguo, na yeye, kichwa chini ya boneti, spana juu ya bolti, anajibu "Bado kidogo," ingawa hajui ni kidogo cha nini, na ng'ambo ya ua yule mchomeleaji anainua kioo chake usoni, "Baharia! Hiyo injini umeipa ovahoo au umeipa likizo? Shemeji, shuka, nikuchomelee mkokoteni, utafika mapema!" na watu wa gereji wanacheka, hata yeye anacheka, atafanyaje, lakini sikio lake liko ndani ya gari, linangoja, maana zamani mke wake angekuwa ameshamjibu, angemwambia chomelea kwanza mdomo wako, na mchomeleaji angerudi kwenye cheche zake na aibu yake, sasa hakuna kitu, kiti hata hakilii… tangu atoke hospitali hivyo ndivyo alivyo, yuko na hayuko, na leo kwenye chai amesema bila hasira, angekuwa na hasira ingekuwa nafuu, hasira za mke wake anazijua njia zake zote, amesema tu, "Leo isipopanda mlima, itafutie mwenyewe mwingine. Na mimi niende nikakae kwa dada," "Ukakae mpaka lini?" "Nikakae," basi, neno limewekwa mezani kama kikombe kitupu, na yeye mwenye mdomo, yeye aliyewachekesha mabaharia wa lugha asizozijua kwa kuinua nyusi tu, alitazama sukari… haya, bolti, rudi kwenye bolti, mganga hajigangi lakini angalau agange gari, ilegeze kidogo, gia isogee mbele unywele mmoja, si zaidi, ukizidisha valvu inashuka wakati pistoni inapanda, wanabusiana, na kwa busu hilo mtu anazika injini, na kisa chote ni hedi, amelala nacho, ameamka nacho, hedi ilishaungua zamani kwa fundi mwingine ikakwanguliwa uso, na safari hii naye kaikuta imepinda akaipeleka ikakwanguliwa tena, mara mbili chuma kimenyolewa, hedi imekuwa fupi, gia ya juu imeshuka ikamkaribia mwenzake wa chini, cheni ikabaki na ulegevu uliofichwa na kikazio chake, gia ya juu ikawa inachelewa, valvu zinafunguka baada ya wakati wake, jicho halioni, injini inaona, na alama zinaendelea kutazamana kwa sababu zilichorwa kiwandani kwa ajili ya hedi ambayo haipo tena, ndiyo maana jana ameyatanua matundu ya gia kwa tupa, apate pa kuisogeza, baharia mzima kuamini nukta, angewaambia wenzake wa chumba cha mitambo wangemtupa baharini na boya lake… "Yaani asubuhi mikono haina nguvu hata ya kushika huu usukani," anasema mke wake, si kwake hasa, kwa kioo cha mbele labda, na yeye anajibu "Mm," kama anavyojibu siku zote, akiwaza unywele mmoja au miwili, maana ugonjwa wa gari hii unajulikana, chini haina nguvu, ikishashika kasi inapumua vizuri, inakimbia, ungeapa haina neno, ni pale mwanzo tu, pale inapoanza kupanda… pale mwanzo… amesema nini? asubuhi mikono haina… na spana inatulia, na kinachomjia si gari tena, ni ule ukumbi mrefu wa hospitali unaonuka dawa ya sakafu, daktari kijana akipekua karatasi, "Vipimo vyote viko sawa, mzee, mama amepona," na yeye akaibeba sentensi hiyo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi, kila alfajiri kabla ya jogoo, saa ileile yao ya miaka yote, anabandika chai, anavuta blanketi, "Amka mama, vipimo viko sawa, maziwa hayajipeleki!" na mke wake anaamka, anapita na ukuta, kiganja ukutani mpaka jikoni, na yeye amekiona kiganja kile, amekiona kila siku, akakitungia mzaha, akauliza ukuta unaanguka au unaupaka rangi, Mungu wangu, na jioni anamsikia anaimba huku akisuuza madebe, anasema moyoni, si huyo, mzima kabisa, ni kununa tu kwa asubuhi… walimkata, hilo alilijua, alitia sahihi, wakatoa walichotoa, wakashona, na yeye akamrudisha mke wake kwenye alama zilezile za zamani, saa ileile, mlima uleule, na alipopungua akasema kanyaga… "Baharia!" mchomeleaji tena, "gari imekufa au mmeoana upya?" na watu wanacheka, na jibu tamu kabisa linamjia ulimini, linawasha, analimeza, linashuka kama mfupa, "Wewe," mke wake anasema kwa uchovu, "niwashe au nishuke?" "Usiwashe," anasema, na sauti yake mwenyewe anaisikia imevuliwa viatu, "mke wangu… asubuhi, ukiamka, inakuwaje?" na ng'ambo cheche zimekatika, au ni yeye hasikii, mafuta yanadondoka mahali fulani ndani ya karata, bakuli la oili chini ya injini, anangoja mlango ufunguliwe, nyayo, ndiyo safari ya kwa dada hiyo, "Unauliza kweli au ni mwanzo wa kichekesho?" "Nauliza kweli," na kiti kinalia, ni yeye anaegemea nyuma, ameuacha ufunguo unaning'inia, "Basi kaa hapohapo usinitazame," anasema mke wake, "ni maneno marefu," na Baharia anakaa hapohapo, kichwa chini ya boneti, spana juu ya bolti ambayo bado hajaigusa.