Karatasi Ilisema Rudia

Wakubwa walishakata shauri: Jumapili ya mwisho wa mwezi mumewe atakuja kumchukua. Dada yake, ambaye ndiye aliyempa chumba cha uani tangu alipoondoka kwa mume, alimletea habari hiyo mlangoni, mikono ikiwa na povu la sabuni na macho yakiwa kwenye sindano za kufumia.

"Mjomba ndiye atakayeongea," dada alisema. "Wewe utasikiliza tu. Na hicho kitu, Mama Fumua, kitakuwa sweta lini? Kila siku nakiona palepale kiunoni."

Mama Fumua halikuwa jina alilopewa na wazazi. Lilizaliwa humo humo ndani, kwa sababu alichofuma asubuhi alikifumua jioni. Hakukasirika. Ukikaa kwa watu, kutaniwa nako ni kodi.

Uzi ulikuwa wa sufu, rangi ya haradali, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Mwanzo ulikuwa mtamu. Vidole vilivyokuwa vigumu kama vya kuazima vikaanza kuizoea kazi: sindano inaingia, uzi unazungushwa, mshono unavutwa, unaachiwa. Pindo la chini likatoka vizuri. Kisha likaja ua, na hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Karatasi ilieleza ua zima mstari kwa mstari, na mwisho wake ikaandika: *Rudia kutoka mstari wa kwanza wa ua.*

Rudia. Neno hilo alilijua kama anavyoijua njia ya jikoni. Mumewe alikuwa mwalimu, na ualimu wake hakuuacha shuleni. Shati likipigwa pasi, rudia. Kitanda kikitandikwa, rudia. Hakupandisha sauti hata siku moja, na pengine ndiyo maana watu hawakumwelewa mke alipolalamika. Alishaondoka mara mbili, na mara zote mbili wakubwa walimrudisha. Kwa hiyo karatasi iliposema rudia, hakuuliza kosa liko wapi. Kosa halikosekani. Alichomoa sindano, akavuta uzi, ua likafumuka lote, akaanza upya. Akifika mwisho anakutana na neno lile lile, naye anatii.

Siku ile, dada alipoondoka mlangoni, Mama Fumua alikuwa ametoka kulimaliza ua kwa mara nyingine. Safari hii lilikuwa limetoka ua kweli. Mshono mmoja upande wa kushoto ulilegea kidogo, lakini hata kipofu angeligusa akajua ni ua. Alilitazama, akaipenda kazi yake, na alipolifikia tena lile neno, hasira ikampanda.

"Sirudii," aliiambia karatasi. "Ukitaka, rudia wewe."

Akaliacha lilivyo. Ila uzi ulikuwa bado tele na sweta lilitaka kupanda, basi kwa ukaidi mtupu akaufuma mstari wa kwanza juu ya ua lile lile, kisha wa pili, kisha ukaidi ukanoga. Ua jipya likakaa juu ya la zamani bila kugombana. Akashusha sindano. Akalisoma tena lile neno, polepole, halafu akacheka mpaka dada akarudi kuangalia kama yuko salama.

"Walikuwa wanamaanisha niendelee," alisema akijifuta machozi. "Dada, muda wote huu walikuwa wananiambia ni sawa, panda juu."

Dada hakuelewa kitu, lakini aliona sweta limevuka kiuno, akaondoka bila utani.

Tangu hapo hakushikika. Alifuma kwenye foleni, alifuma akingoja maji yachemke. Mkono wa kulia ulitoka mrefu kuliko wa kushoto. Akaukunja, maisha yakaendelea. Shingo ilimtoa jasho, maana mishono ya pale huokotwa mmoja mmoja pembeni, na ukiruka mmoja panabaki tundu. Aliifunga asubuhi ya Jumapili yenyewe, akalivaa sweta, akaenda sebuleni, ambako mjomba, mumewe na dada walishaketi.

Mjomba alikohoa. "Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenzio amekuja mwenyewe, kwa heshima zote. Mrudie."

"La mkuu nililisikia mara mbili, mjomba, na guu lilivunjika vilevile."

Dada akaangalia dari. Mjomba akaona mambo yanaharibika, akamgeukia mume ili atoe yale maneno ya kuomba radhi waliyoyapanga njiani. Mume akakaa vizuri, akafungua mdomo. Macho yake yakashuka kwenye sweta, yakapita juu ya maua, yakaukuta ule mshono uliolegea.

"Hapa," alisema kwa upole, akinyoosha kidole, "hapa ungerudia."

Chumba kizima kilimsikia. Mjomba, aliyekuja na hotuba ndefu, alimtazama mkwewe kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Mama Fumua aliukunjua mkono wa kulia wa sweta, ule mrefu, ukamfunika mpaka kwenye vidole. Humo ndani mlikuwa na joto zuri, na joto hilo alilifuma mwenyewe.

"Sirudii," alisema.

Hakuna aliyeuliza kama ni sweta au ni mume. Mjomba alianza kutafuta kofia yake.