Fuko la Pili

Kwaru. Kwaru.

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa jikoni, alfajiri kungali giza. Nikadhani ni panya. Nilipopapasa nikagusa plastiki: fuko la mbolea, tupu, limesokomezwa nyuma ya majembe, na upepo wa chini ya mlango unalichezea.

Fuko letu la urea nalijua. Nililifua kwa mikono yangu, sasa ni pazia la bafu. Hili lilikuwa la pili.

Mume wangu alikuwa akitafuta kiatu kwa mguu.

"Baba watoto, fuko hili limetoka wapi?"

Akaendelea kupapasa kwa mguu. "Ile wiki ya mtihani wako wa darasa la kilimo la jioni. Niliongeza kidogo."

"Urea tena? Wakati shayiri imeshaanza kurefuka?"

"Kaka alipita akacheka, eti shamba langu lina homa ya manjano. Sasa umekiona kijani kile! Juzi kapita, hakucheka."

"Kijani hicho ndicho kinaninyima usingizi."

"Ah! Mwalimu wa jioni kaamka. Kumshibisha mtoto nako ni kosa?"

"Mahindi yashibishe utakavyo. Hii ni shayiri ya kimea. Ukiilisha imeshakua, protini inajaa kwenye punje na kiwanda cha bia hakiitaki. Tena bua linakuwa refu, laini. Masuke yakipata uzito, litayabebaje?"

Akaacha kutafuta kiatu. Mwaka jana kiwanda kiliturudishia magunia yetu, punje zilikuwa nyembamba. Mama mkwe akasema mbele ya ukoo mzima: shayiri ikiharibika tena, shamba anapewa kaka mtu, ageuze malisho ya ng'ombe wake. Na mama mkwe hasemi jambo mara mbili.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza, mume wangu."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyaga mwiba. Nikamshika bega. "Ulimwaga shamba zima?"

"Nusu ya chini, huku barabarani. Fuko likaisha."

Moyo wangu ukapata pa kukaa. "Basi ya juu tutaivuna peke yake. Isichanganyike hata punje. Hiyo kiwanda kitaichukua."

"Kweli?"

"Kweli. Sasa nawa uso, chai inapoa."

Hata hatujamaliza chai, upepo ukageuka. Mvua ikaja ya kishindo, bati likapiga kelele mpaka mtoto akaziba masikio. Nilimpakata, nikamwambia mvua ni rafiki wa mkulima. Baba yake hakuniangalia.

Ilipokatika tulitoka mlangoni. Nusu ya juu, ile fupi iliyochekwa, ilikuwa imesimama, inadondosha maji. Ya chini ililala yote, kijani kibichi, kama mkeka uliokanyagwa.

"Ya juu ipo," nikasema. "Nitakwenda kwa mama mwenyewe, nimwonyeshe."

"Kutoka kibarazani kwake haionekani," mume wangu akasema taratibu. "Mama anaiona ya chini tu."

Nikavaa viatu haraka, sikufunga hata kamba. Ndani, mtoto alikuwa amepanda kigoda, pua kwenye kioo cha dirisha la barabarani.

"Mama," akasema, "baba mkubwa anakuja na ng'ombe."