Tumehama Salama

Mwajabu alifariki kwa homa wakati wa masika, vita vingali vinapiganwa Bama, ng'ambo ya bahari. Mumewe, Mwinyimvua, alikaa Miono mpaka arobaini ikapita, akaona hawezi tena. Kila alfajiri alijikuta amelala macho, akingoja mlio wa kinu uani, na kinu kilikuwa kimya. Binti yake Mwanvita, aliyeolewa Bagamoyo, akamtuma mumewe amchukue. Mzee alifunga mlango kwa kamba, shamba akamwachia jirani, akaondoka.

Likabaki jambo moja. Mwanawe wa pekee wa kiume, Bwanausi, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, huko huko Bama, na barua zake zilikuwa zikifikia duka la Mhindi pale Miono. Asipoelezwa mahali papya, zingepotea njiani.

Wakaenda, mzee na binti yake, kwa Mwalimu Msabaha aliyesomesha chuo cha Kurani mtaani na kujua pia hati za Kizungu. Walipokwisha kusabahiana, mwalimu akashika kalamu.

"Mwambie tumehama salama," alisema Mwinyimvua. "Barua zije Bagamoyo, kwa mkono wako."

"Mmehama nani na nani?"

Mwanvita ndiye aliyejibu. "Andika hivyo hivyo, mwalimu. Mtu aliye vitani hapelekewi msiba. Akilia huko, nani wa kumshika?"

"Binti yangu, nikiandika tumehama, nimeandika kwamba mama yenu yu hai."

"Andika," alisema Mwinyimvua. "Akirudi nitamwambia kwa kinywa changu."

Jibu lilikuja kiangazi. Mwalimu alilisoma taratibu, barazani kwake. Bwanausi alifurahi mno. "Mama alikuwa hataki hata kusikia habari ya kuhama," aliandika. "Baba, ulimbembelezaje? Mwambie asijichoshe na joto la pwani. Mwambie nimempatia shali nzuri, nitamletea mwenyewe."

Mwalimu akainua macho. "Niendelee?"

"Endelea, mwalimu."

Basi kila barua iliyokwenda ilibeba salamu za Mwajabu. Mwanzoni mzee alizitoa kwa kugugumia. Baadaye zikamjia zenyewe. "Mama yako anasema usivuke mto usioujua. Anasema kikohozi chako ukifukizie." Alijua hasa ambavyo mkewe angesema, na siku za kuandika alirudi nyumbani amechangamka, kama mtu aliyetoka kuzungumza naye. Mwanvita aliliona hilo, akaingiwa na hofu, lakini hakusema. Yeye ndiye aliyeufungua mlango ule.

Vita vikaisha. Bwanausi akafika mchana mmoja, bila taarifa, sanduku la bati begani. Njia aliulizia kwa jina la Mwalimu Msabaha, akaelekezwa mpaka mlangoni. Mwanvita alikuwa uani anakuna nazi, mzee ameketi kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu nyumbani."

Walishikana mikono muda mrefu. Kisha Bwanausi akachutama, akafungua sanduku, akaitoa shali, ya rangi ya zambarau, imekunjwa vizuri. "Mama yuko wapi?"

Mwinyimvua alikuwa ameyapanga maneno yake zamani. Sasa alifungua kinywa, na kinywa kikakataa. Mwanvita akaiacha mbuzi ya nazi, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akaangua kilio. Bwanausi akamtazama dadaye, akamtazama baba yake.

"Lini?"

"Masika ya mwaka juzi."

"Kabla hamjahama?"

"Kabla."

Akairudisha shali sandukuni. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Nilikuwa na mwenzangu kule, Abdala, mtu wa Tanga. Ikamfikia habari kwamba mama yake amekufa. Tukamsomea hitma msituni, mvua inatunyea. Mimi nilimpikia uji, nikakaa naye, na moyoni namshukuru Mungu kwamba wangu yupo. Kumbe wangu alikuwa kaburini."

"Niliogopa utavunjika, mwanangu."

"Ningevunjika, baba, na wenzangu wangeniunga. Na zile salamu? Ile habari ya kikohozi?"

"Zilikuwa zangu."

"Nililala nazo kifuani," alisema Bwanausi.

Chakula hakukigusa. Asubuhi akasema anakwenda Miono. Baba yake alipoinuka kutafuta viatu, akamzuia kwa adabu. "Pumzika, baba. Nielekeze tu kaburi liko wapi."

"Ubavuni mwa bibi yako, mama yake."

Akaenda, wala hakurudi. Watu wa Miono walioleta ufuta mjini walisema amesoma hitma, ameezeka upya nyumba ya zamani, analima. Mwinyimvua alisubiri mavuno yapite, akapanda lori kumfuata.

Bwanausi alimpokea vizuri, tena vizuri mno. Alimtekea maji ya kuoga, akamtandikia mkeka mpya, akamchinjia kuku. Walikwenda kaburini pamoja, wakaomba dua, na njia nzima ya kurudi wakazungumzia mvua na nguruwe wanaoharibu mahindi. Usiku mzee alilala katika chumba alichokijenga kwa mikono yake, akasikia mwanawe anavyotembea kwa kunyata ili asimwamshe, kama anavyofanya mwenye nyumba akiwa na mgeni.

Siku ya kuondoka Bwanausi alimsindikiza mpaka barabarani. Mzee alikuwa amekusudia kuomba msamaha, na mara mbili alisimama njiani, na mara zote mbili kijana akadhani amechoka, akamngoja. Lori likaja. Bwanausi akamsaidia kupanda, akampa fimbo yake na kikapu cha kunde.

"Msalimie Mwanvita," alisema.

"Utakuja lini kututazama?"

"Mungu akijaalia, baba."

Lori likaondoka. Mwinyimvua akakipakata kile kikapu, na mpaka wanauvuka mto Wami alikuwa hajajua kwamba analia, hadi abiria wa ubavuni, asiyemjua, alipomuuliza kwa upole amefiwa na nani.