Kiti cha Nyuma Hakina Breki

Kaka yangu alikuwa amekaa chini katikati ya barabara, kiwiko kinamtoka damu, uso ameuelekeza moja kwa moja kwenye ubao mwekundu wenye urefu wa mlango. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kulikuwa na nini pale?"

Nilidhani ananitania. Kwetu sisi ni watu wa utani, hata msibani tunachekeshana. Nikamjibu, "Kuna harusi, wametufungia njia ili maharusi wapite." Hakucheka. Alikuwa bado anasubiri jibu. Ubao ulikuwa hatua mbili tu mbele yake, umeandikwa BARABARA IMEKATIKA kwa herufi za kumtosha hata aliyeacha shule mapema, na nyuma yake lami ilikuwa imeishia hewani. Chini kabisa bahari ilikuwa inapiga vipande vya barabara vilivyoporomoka, vingine bado vina mstari mweupe.

Baiskeli yetu ya watu wawili ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la mbele linazunguka taratibu. Nililitazama gurudumu lile kwa muda mrefu kwa sababu niliogopa kumtazama yeye.

Safari yenyewe ilikuwa wazo lake. Duka la viatu nililokuwa nauzia lilifungwa, nikawa wa kukaa nyumbani na kugombana na ukuta. Siku moja akaja na habari njema. "Wifi yako goti limemgomea," akasema. "Kuanzia Jumatatu njoo uwe kondakta wangu. Lakini kwanza twende tukapande baiskeli siku chache, tuzoeane." Kaka huendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Watu arobaini asubuhi, hao hao arobaini jioni, kwa barabara ya milimani yenye kona nyingi kuliko maneno yangu. Mke wake ndiye aliyekuwa anakaa kiti cha kondakta, na mtaani ilisemwa kwamba ni wivu, kwamba anamlinda mumewe asinyakuliwe na mafundi cherehani. Mimi nilisema hivyo pia. Kusema kweli nilisema zaidi ya wote.

Mimi huitwa Redio. Sikatai. Nikianza kuongea, mwenye haraka na aondoke mapema. Na katika safari ile nilipata msikilizaji ambaye sijawahi kumpata maishani. Tulipanda kwanza kwenye nyika ya juu, kule ambako hakuna miti, vichaka vifupi tu na madimbwi ya maji meusi, upepo unakusukuma kifuani. Kaka mbele kwenye usukani, mimi nyuma. Kila baada ya kitambo aliniambia, "Redio, tangaza." Nami nikatangaza. Kondoo watatu kushoto wanatafuna barabara yetu. Kibao cha buluu cha njia ya baiskeli, kinaelekeza kulia. Kona kali, halafu daraja la mbao, halafu mteremko. Tuliposhuka pwani nikatangaza mnara wa taa, ndege weupe, nyumba za mawe zenye milango ya rangi, lori linakuja, lori limepita.

Nilidhani anafanya vile kwa huruma, kwa kuwa alijua nyumbani hakuna tena aliyekuwa ananisikiliza. Nilijiona mtu tena. Jioni, kwenye nyumba za wageni, nilikuwa nalala koo linaniuma kwa kuongea na moyo mweupe.

Siku ile tulikuwa tunafuata barabara ya ukingoni, bahari mkono wa kushoto, tunateremka polepole. Nilinyamaza kwa sababu moja tu, nayo ni ya aibu. Nilikuwa nimejaza biskuti mdomoni, mbili kwa mpigo. Sasa, anayekaa nyuma kwenye baiskeli ile hana breki, na usukani wake haugeuki. Ni chuma cha kushikilia tu. Mbele yake kuna mgongo wa mwenzake, na maisha yake yote yamo mikononi mwa mgongo huo. Nikachungulia pembeni ya bega la kaka nikauona ubao. Nikasubiri afunge breki. Hakufunga. Alikuwa anapiga mluzi, tena anaongeza kukanyaga pedali. Nikatema biskuti, nikamwambia asimame, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, nikajitupa upande wa mlima. Hivyo ndivyo tulivyoanguka.

"Kaka," nikasema sasa, "ubao huo huuoni?"

Aligeuza kichwa pembeni taratibu, kama kuku anavyoichungulia punje kwa jicho moja, na hapo ndipo akauona. Nilimwona akiuona. Midomo yake ikapoteza rangi.

"Mkubwa hivyo," akasema.

Nikamshika bega asisogee mbele.

"Kile ninachokitazama ndicho kinachopotea," akaanza kunieleza, sauti ya chini, anapangusa kiwiko kwa shati. "Katikati kuna doa la kijivu. Pembeni naona. Naona mstari wa barabara, naona majani, naona ukingo. Naufuata mstari. Ila kilicho mbele yangu, mtu, gari, ubao, hicho hapana."

"Tangu lini?"

"Unaingia mwaka wa tatu."

"Na wanaokupima macho?"

"Ubao wao wa herufi ni ule ule kila mwaka, nimeukariri."

Niliulizia basi kwa kuzunguka, kwa sababu ulimi ulikuwa unakataa kulitaja. Nikasema, "Na kazini?"

"Wifi yako huniambia. Taa nyekundu, taa ya kijani, mama anavuka na mtoto. Anasema kwa sauti ya kawaida tu. Abiria wanadhani tunaongea mambo ya nyumbani."

Nikakumbuka nilivyomsema yule mwanamke. Nikatamani ardhi inimeze, nayo ilikuwa tayari kabisa kufanya hivyo, pale hatua mbili mbele yetu.

"Kwa hiyo mimi..." nikasema.

"Wewe una mdomo mzuri kuliko yeye," akasema, na uso ukamchangamka kidogo. "Yeye huogopa, halafu anakuwa na kigugumizi. Wewe huogopi kitu. Tangu tuanze hii safari hujakosea hata kona moja. Nimekupima, Redio, na umefaulu."

Alisema vile akinisifu. Nikakaa chini kando yake. Yaani sikupewa kazi ya kuhesabu watu na kufunga mlango. Nilipewa kazi ya kuwa macho ya watu arobaini, na nikafurahi, na nikawaringia majirani.

"Haiwezekani," nikasema.

"Mwaka mmoja tu nistaafu. Wanangu bado wako shule. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumia kwenye basi langu."

"Leo tumebakiza hatua mbili."

"Leo ulinyamaza," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na nadhani mpaka kesho hajui alichonifanya kwa maneno yale mawili. Nikaliona lile basi. Nikajiona nimepiga chafya, au nimesinzia, au nimemgeukia abiria anayeniuliza saa. Nikaona kitu kinavuka barabara.

Nikasimama, nikainua baiskeli. Mnyororo ulikuwa umetoka, nikaurudisha, vidole vyote vikawa vyeusi. "Unakaa nyuma," nikamwambia.

"Hujawahi kushika usukani wa hii."

"Angalau mimi naona pa kuanguka."

Tulirudi tulikotoka, tukapanda tena nyikani, kwa kuwa njia nyingine ya kufika mjini haikuwepo. Nilikuwa nayumba kama mlevi, na kwenye mlima tulishuka tukaisukuma. Juu kabisa ukungu ulikuwa umeanza kushuka, lakini barabara niliiona vizuri, inateremka mpaka bondeni kwa kona baada ya kona. Tukapanda baiskeli. Mikono yangu ilikuwa kwenye breki tangu mwanzo, na tulikwenda polepole sana. Yeye hakulijua hilo. Yeye alisikia upepo tu.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

Sikujibu.

"Redio. Kuna kona?"

Ilikuwepo. Nikaikata bila kusema neno. Nilimsikia akishika chuma chake kwa nguvu mpaka baiskeli ikatikisika. Lori likatokea chini yetu, likanguruma, likapita, upepo wake ukatupiga. Yeye akaanza kukanyaga pedali kinyumenyume, anatafuta breki mahali ambapo haipo.

"Mdogo wangu," akasema. "Tafadhali. Sema chochote."

Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Hajawahi kuniambia tafadhali. Machozi yalikuwa yananitoka na upepo unayapeleka masikioni, na mdomo wangu, ambao haujawahi kunitii siku hata moja, nikaubana kwa meno mpaka bondeni.

Niliposimamisha baiskeli, alishuka akaenda kando ya barabara akatapika. Nikamsubiri. Alipomaliza nikampa maji.

"Hivyo ndivyo wanavyokaa wale arobaini," nikasema. "Ila wao hawajui, ndiyo maana wanasinzia."

Alikunywa maji yote, akanirudishia chupa. Kisha akasema yeye mwenyewe atampigia simu mwenye basi amwambie anaacha kazi, leo leo, bila kungoja Jumatatu. Aliyakata maneno yake kama mtu anayetoa mwiba. "Lakini mke wangu mwambie wewe. Mimi sitaweza."

Nikampigia. Wifi alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, na hakusalimia.

"Amekuambia?"

"Nimejua mwenyewe."

"Umekubali?"

"Hapana, wifi. Basi haendeshi tena. Nimempakia nyuma, nikamteremsha mlima mzima bila kumwambia kilicho mbele, mpaka akaogopa."

Nikajiandaa kutukanwa. Nilijua atataja ada za watoto, na kodi ya nyumba, na mdomo wangu uliomchafulia jina mtaa mzima. Badala yake nikasikia analia, kilio cha mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani na sasa ametuliwa.

"Na mimi nilitaka kunyamaza," akasema. "Kila siku nilitaka. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu."

Simu yangu ina sauti kubwa. Kaka alisikia kila neno.