Kivuli cha Mfagiaji

Zamfira Lacatus alipomaliza kufagia ngazi za Mnara wa Wasuka Kamba, aliinama kuokota kifuniko cha chupa ya bia, na jua likiwa mgongoni mwake akaona mawe matupu mbele yake. Alinyanyua mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Aliegemeza ufagio ukutani. Ufagio ulikuwa na kivuli kirefu, kizima, na yeye hakuwa nacho. Akatia kifuniko mfukoni, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaenda kumtafuta mwashi.

Gligor mwashi alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anakula mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu kibichi.

“Bwana Gligor, umenipima?”

“Jana, Zamfira. Ulipokuwa unazoa maganda ya alizeti pale langoni.”

“Na uzi uko wapi?”

“Nyuma ya tofali jekundu, juu ya mlango. Ufa wa mnara umesimama tangu saa ile ile. Panda uone mwenyewe, hata wembe haupenyi.”

Katika mji ule wa Transilvania, ukuta uliokataa kusimama ulipewa kivuli cha mtu. Jambo hilo lilijulikana na kila mmoja, kama ilivyojulikana kwamba kabichi hutiwa chumvi kabla ya baridi kuingia. Mwashi hupima kwa uzi kivuli cha mpita njia, uzi hujengewa ndani, ukuta husimama, na mwenye kivuli hufa kabla ya kuona tena miplamu ikichanua. Uzi ukitolewa naye angali hai, kivuli humrudia. Na kwa kuwa watu wa mji ule walikuwa waungwana, kulikuwa na desturi ya pili ya kuituliza ile ya kwanza: ukimwona mwashi ameshika uzi, unampigia kelele anayepita, “Angalia kivuli chako!” naye anarukia kivulini mwa nyumba.

Kelele hizo zilikuwa zimepigwa wiki nzima. Alipigiwa mke wa mfamasia, akakimbilia mlangoni kwa padri huku viatu viko mkononi. Walipigiwa wageni wawili kutoka Ujerumani, hawakuelewa neno, wakapiga picha. Alipigiwa hata mbwa wa padri.

“Jana ilikuwa siku ya soko,” Zamfira alisema. “Uwanja ulijaa.”

“Ulifurika.”

“Na hakuna aliyenipigia kelele?”

Gligor alitafuna kwanza, akameza. “Mimi nilingoja, Zamfira. Haki ya Mungu nilingoja. Nilisimama na uzi mpaka mkono ukafa ganzi. Nikasema moyoni, akifungua mdomo mtu mmoja tu, naukunja naondoka. Walikuwa wananunua jibini.”

Zamfira aliutazama uwanja. Wachuuzi walikuwa wanapanga pilipili na nyanya zao, wakamwitikia kwa kichwa kama siku zote. Yeye alikuwa Mroma, Mjipsi kama walivyomwita, wa mabanda ya chini, kwenye kiwanda cha matofali kilichokufa, na alikuwa amewafagilia mawe yao tangu akiwa msichana. Aliwajua mpaka jinsi walivyokohoa.

Wiki haikuisha, kivuli kikatokea ukutani. Kila jua lilipopanda juu ya mapaa, kilijitokeza kwenye mnara, kifupi, kimeinama, kitambaa kichwani, kikashuka ngazi kidato kwa kidato kikifagia. Kilifagia kweli. Vumbi liliondoka, maganda yakajikusanya penye kona, na mavi ya njiwa yaliyowashinda watu miaka yote yakabanduka.

Hapo awali wageni walikuja kuutazama Mnara wa Saa na wanasesere wake wa mbao, ngazi zenye paa, na kanisa la Wajerumani wa kale lenye mazulia ukutani. Mnara wa Wasuka Kamba ulikuwa wa mwisho kwenye ramani, na mabasi mengi yalikwisha kuondoka kabla zamu yake haijafika. Ilipofika Julai ulikuwa wa kwanza. Watu walipanga foleni kuanzia kwa muuza mikate, watoto wakabebwa mabegani, na kila kivuli kilipofika kidato cha chini walikipigia makofi.

Msimamizi wa usafi alimwita Zamfira ofisini, akampa kiti na chai.

“Mama Zamfira, ngazi zinang’aa. Hongera sana.”

“Siyo mimi.”

“Ndiyo nililokuitia. Kivuli chako kinafanya kazi nzuri, hakiugui, hakiombi likizo. Sasa tuwe na watu wawili kwenye ngazi moja, si tutachekwa?”

“Kivuli ni changu.”

“Nani kasema si chako? Mji mzima unajua ni chako. Ndiyo maana tumekiandika kwa jina la kazi yako.” Akamwonyesha ramani mpya: Kivuli cha Mfagiaji. “Ufagio uache pale mlangoni ukitoka.”

Aliuacha. Mwezi wa Agosti sauti yake ilianza kupungua, na mkate ukawa mzito kuupandisha mlima. Waliopimwa walikuwa hivyo. Wengine hufika Krismasi, wengine hawafiki theluji ya kwanza. Yeye alitaka kufika Krismasi. Binti yake Ancuta alikuwa Hispania, kwenye mashamba ya matunda, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike ambaye Zamfira hakuwahi kumwona ila kwenye simu, amefungwa kwenye blanketi la njano, anapiga miayo. Ancuta alisema watakuja Krismasi. Zamfira hakutaka kingine duniani: ampakate mtoto yule, amnuse utosi.

Akaenda kwa Otilia. Otilia aliwatembeza wageni mjini, mwavuli mwekundu juu ili wasimpotee, na ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Ancuta. Alimkuta jikoni, anachoma pilipili kwa ajili ya kusindika, moshi umejaa mpaka dirishani.

“Dada Otilia, wewe ukisema mji unasikia. Waambie wautoe uzi wangu.”

Otilia aliendelea kumenya pilipili. “Sitakudanganya, Zamfira. Siku ile nilikuona.”

“Ulikuwepo?”

“Na basi zima la wageni. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikawaza, nikipiga kelele, nani atapita baada yako? Mjukuu wangu Hermina anatoka shule saa zile zile.”

“Kwa hiyo ukafunga mdomo.”

“Nikaendelea kueleza habari za Mnara wa Saa.”

“Ulimshika binti yangu juu ya maji ya ubatizo, Otilia. Kwa mikono hiyo hiyo.”

“Na nitamshika tena akibaki peke yake,” alisema Otilia, na machozi yakamtoka, labda kwa sababu ya moshi. “Chukua chupa ya pilipili uende nayo. Chukua mbili.”

Zamfira hakuchukua. Alikwenda kwa meya, akasikilizwa kwa heshima zote, akaambiwa suala lake litatazamwa msimu ukiisha. Msimu haukuonyesha dalili ya kuisha. Hoteli zilikuwa zinapaka rangi vyumba vya darini. Basi akarudi kwa Gligor, akamwomba tindo na nyundo.

“Nakupa,” Gligor alisema. “Na ngazi nitakushikia, usije ukaanguka bure. Lakini ujue: ukivuta uzi, ufa unafunguka kutoka juu mpaka chini. Mnara utaanguka hujamaliza hata Baba Yetu. Watu wasiwe karibu.”

“Nani atakaa karibu akiniona na nyundo?”

Alipanda jukwaani asubuhi, mchana kweupe, kwa kuwa hakuwa mwizi. Hakuna aliyemzuia. Polisi wa uwanjani alimshikia koti. Alibandua chokaa polepole, akapumzika, akabandua tena, na tofali jekundu likatoka. Nyuma yake uzi ulikuwepo, wa katani, umekunjwa kama utumbo wa kuku. Chini yake kulikuwa na nyuzi nyingine, za kale, zimeoza, na zote zilikuwa fupi. Zamfira alielewa kwamba zilikuwa za watu waliozoea kutembea wameinama.

Alishika ncha ya uzi wake. Ndipo aliposikia nyimbo.

Meya alikuwa anakuja na watoto wa chekechea, wawili wawili, wameshikana mikono, wamevaa aproni. Walimu walitandika mikeka chini ya ukuta, pale pale chini ya mlango, wakagawa karatasi na rangi. Meya alivua kofia.

“Una haki yako kamili, mama Zamfira. Hakuna atakayekugusa hata kidole. Ni kwamba leo watoto wanachora.”

“Waondoe.”

“Uwanja ni wa wote.”

“Bwana meya, hao ni watoto wenu!”

“Ni wetu,” alisema meya. “Nasi tunakufahamu wewe ni mtu wa namna gani.”

Zamfira alitazama chini. Yule alikuwa wa mfamasia, yule wa muuza jibini, yule mwenye nywele zilizofungwa mikia miwili alikuwa Hermina wa Otilia. Alivuta uzi kidogo tu, kuujaribu, na mnara ukaguna. Vumbi likadondoka juu ya karatasi ya mtoto mmoja mwenye rangi ya kijani puani. Mtoto akainua uso.

“Bibi, vuta kwa nguvu! Tunataka kuona!”

Hakuvuta. Aliwangoja waende zao. Walipokwenda nyumbani kula, walikuja wengine. Walipoondoka hao, wazazi walileta viti, na bendi ya shule ikapiga mpaka watu wakaleta magodoro, watoto wakalala papo hapo. Kesho yake watoto walirudi na hadithi za kusomewa. Siku iliyofuata walirudi na keki. Septemba nzima ikapita hivyo, Zamfira juu ya jukwaa na ncha ya uzi mkononi, watoto chini yake. Jioni Gligor alimpelekea supu, na watu waliopita walimtakia usiku mwema.

Aliwachukia. Aliwachukia watu wazima wote wa mji ule, mmoja mmoja na jina lake, na alitamani mnara uwaangukie wao na jibini lao. Ila mtoto yule wa rangi ya kijani alikwisha kujua jina lake, na kila alipofika alimpungia mkono na kumwonyesha alichochora. Ilikuwa ni yeye daima, Zamfira, na ufagio mkubwa kuliko nyumba.

Umande ulipoanza kuganda, vidole vyake havikuweza tena kushika kitu. Akamwomba Gligor chokaa. Akaurudisha uzi mahali pake, akalirudisha tofali, akalipigapiga mpaka likakaa. Uwanja mzima ulisimama kumtazama, na alipokanyaga chini muuza jibini alimshika mkono kwa mikono miwili.

“Mungu akubariki, mama. Ungetuvunjia msimu.”

Alikufa kabla ya theluji, kwenye banda lake, simu mkononi. Jeneza lilikuwa jepesi, wachimba kaburi wawili walilibeba wakipiga soga. Saa ya maziko kivuli kilifagia kama kawaida.

Ancuta alifika Krismasi na mtoto kwenye blanketi la njano. Foleni ilikuwa ndefu. Otilia akampitisha mbele, kwa kuwa alikuwa mama yake wa ubatizo. Ancuta aliketi kwenye kidato cha chini, akamlaza mtoto mapajani. Kivuli kilishuka, kikawafikia, kikafagia kuzunguka miguu yao na kuendelea na kazi.

Mgeni mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba vivuli hivi zamani vilichukuliwa kwa nguvu. Otilia aliinua mwavuli ili wote wamsikie. Akasema zamani ilikuwa hivyo, lakini huyu alikitoa kwa hiari yake: alipanda mwenyewe, mchana, mbele ya mji mzima, akalijenga tofali kwa mikono yake. Na Gligor, aliyekuwa anapita na ndoo ya chokaa, alithibitisha kwamba kila neno lilikuwa kweli.