Saa Nne ya Nakonde

Kwanza zilisikika breki za upepo. Pshiii moja, kimya, kisha pshiii nyingine mbele zaidi, kama ng'ombe wengi wanaopumua ndani ya zizi moja. Felista alikuwa ameegemeza kichwa kwenye pazia la basi, macho ameyafumba, wala hakuyafumbua. Alijua hayo ni malori ya Tunduma yanayongoja kuvuka, na kwamba mama yake yuko upande wa pili wa foleni hiyo.

Basi lilikuwa limebeba klabu ya jiografia ya sekondari moja ya Iyula, linakwenda Zambia kuona maporomoko ya maji upande wa Kasama. Mwalimu Ferdinand aliiita safari ya mafunzo katika nchi ya tropiki, mpaka Luka, kijana asiyejua kuufunga mdomo wake, akauliza kama kahawa ya Iyula inaota kwenye barafu. Darasa zima lilicheka isipokuwa Felista. Maporomoko hayakumhusu. Yeye alijiandikisha kwa sababu basi lingepita Nakonde, mji wa ng'ambo ya mpaka.

Baba yake alipofariki, ukoo ulitaka mama yake, Gwalugano, abaki pale pale awe mke wa shemeji. Alikataa katakata. Akafunga mzigo wake, akavuka mpaka kwa ndugu zake, na mtoto akabakizwa, kwa sababu mtoto, walisema, ni wa ukoo. Felista alikuwa darasa la pili. Tangu hapo amelelewa na baba mkubwa Jastin, mtu asiyepiga wala kutukana, anayelipa ada bila kusukumwa, na aliyesema mara moja tu, bila kupandisha sauti, kwamba siku Felista atakapokwenda kwa yule mwanamke asirudi tena kwake. Katika nyumba ile Felista alikula akashiba. Ila hakuwapo hata mmoja wa kumwambia pua yake aliitoa wapi.

Wiki iliyotangulia Mwalimu Ferdinand alimwazima simu. Mama yake alisema saa nne atasimama kwenye kituo cha mafuta cha kwanza baada ya geti, amevaa kitenge cha njano.

"Nasema kitenge," aliongeza, "maana sura yangu utakuwa umeisahau."

Felista alimjibu kwamba hajaisahau. Alimdanganya.

Mambo ya mpakani yaliisha vizuri kuliko walivyotegemea, na saa ya mkononi ya Mwalimu ilipoonyesha saa nne basi lilikuwa limeshaegeshwa pale kituoni, dereva anaongeza dizeli. Felista alishuka. Wabadilisha fedha walimzunguka na kelele zao za kwacha, akawapita. Akaona njano, moyo ukamruka, kumbe ni bibi kizee aliyebeba ndizi mbivu. Akaona njano nyingine, ikawa mwavuli wa muuza vocha. Luka alimpigia kelele kutoka dirishani kwamba kama anamngoja mchumba wa Kizambia, basi amwambie aje na samaki wa kutosha basi zima. Wenzake wakacheka, na hakuna ubaya, kwa sababu hawakujua. Aliyejua ni Mwalimu peke yake.

Mwalimu alipiga namba ya mama. Haikupatikana. Akanunua laini ya Zambia kwa yule muuza vocha, akaiweka kwenye simu yake, akajaribu tena, na bado haikupatikana. Alimchelewesha dereva kadiri alivyoweza, mpaka honi ikalia mara ya tatu.

Basi likaondoka. Felista alirudi kwenye kiti chake, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, maana Mercy, waliyekaa naye tangu Iyula, alikuwa amehamia nyuma kwenye nyimbo. Alitazama nje. Hii ndiyo nchi aliyoiota miaka yote, na miti ilikuwa ile ile, na nyasi zile zile, na watu waliinua mkono kulipungia basi bila kumjua yeyote ndani yake. Aliwaza kwamba pengine mama ana watoto wengine sasa. Pengine alikitazama kitenge kile asubuhi, akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Walikuwa wamekwenda mbali Mwalimu Ferdinand alipotoa simu atazame saa. Akaitazama na saa ya mkononi. Akairudia simu. Tunduma hata dereva wa bodaboda haahidiani na mtu kabla ya kuuliza ni saa ya wapi, ya huku au ya ng'ambo. Lakini wao walikuwa watu wa Iyula, huko milimani, ambako saa ni moja tu.

Alikuja akakaa kwenye kile kiti kitupu.

"Felista, saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa nzima," alisema. "Nimeifundisha mwenyewe ubaoni, na nimeisahau. Saa nne ya mama yako ndiyo hii inayoingia sasa."

Alikwenda kumwomba dereva ageuze. Dereva alitikisa kichwa: wenyeji wao walikuwa wakiwangoja Kasama, na hakutaka giza limkute njiani. Mwalimu akarudi, simu imeshaanza kuita namba ya mama, akampa Felista.

"Mwanangu," sauti ilisema, "nimewahi. Simu nilikuwa nimeizima, chaji isije ikaniishia kabla sijakuona. Nimesimama hapa kwenye pampu. Mmefikia wapi?"

Felista alimweleza. Lori lilipumua nyuma ya mama, pshiii. Kisha mama akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, na Felista akakitambua. Kilikuwa chake mwenyewe.

Mama alisema si kitu, atangoja hapo hapo siku watakayorudi. Lakini Felista alijua watarudi kwa njia ya Mbala na Sumbawanga, watokee Tunduma upande wao wenyewe, kisha wanyooshe hadi Iyula bila kukanyaga Nakonde. Alimwona Luka amegeuza shingo. Luka ni jirani wa ukuta kwa ukuta wa baba mkubwa Jastin, na kinachoingia sikioni mwake hakilali humo.

Felista akasimama, asikike mpaka kiti cha mwisho.

"Mama, usije tena barabarani. Kaa nyumbani kwako. Tukifika Tunduma mimi nitashuka, nitavuka kwa miguu yangu nije, hata wakinifungia mlango Iyula. Na nitakuja kwa saa yako."